Maranda ya Mninga

Buhongwa, Mwanza
2 Juni 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Natumaini presha imetulia na mkono unaendelea vizuri. Sisi huku hatujambo, cherehani yangu inalia kutwa kwa sababu ya sare za shule.

Nakuandikia kwa karatasi kama ulivyotaka, tangu wale matapeli wakupigie simu wakijifanya ni mimi. Evelina muuza dagaa anavuka kesho kwa kivuko cha Kamanga kuja huko Sengerema, atakukabidhi mkononi.

Baba, nimepata dawa ya mkono wako! Jirani na ninaposhonea limebandikwa tangazo: punguzo kubwa, mashine za useremala, umeme wa njia tatu. Nimekwenda kuziona. Kuna msumeno wa meza na mashine ya kuranda, zimo kwenye karakana nyuma ya nyumba ya mtu. Muuzaji anaitwa Okeyo na anataka nusu ya bei ya dukani. Anasema zimetoka Ulaya moja kwa moja, hapa nchini hazijakata hata kijiti.

Mabenchi thelathini ya kanisa huwezi kuyamaliza kabla ya Septemba kwa mkono unaotetemeka, na paroko amekwishasema ukichelewa kazi anampa mwingine. Niambie tu nilipe.

Ni mimi binti yako,
Bernadeta


Sengerema
6 Juni 2025

Mwanangu Bernadeta,

Marahaba. Presha ilikuwa imetulia mpaka niliposoma barua yako.

Usilipe hata shilingi! Nusu ya bei? Mwanza yote imejaa maseremala, wao hawana macho, ila wewe mshona sare ndiye umeona? Rahisi ni ghali, mama. Mtu akikupa kitu kizuri kwa bei ya kutupa, jiulize nani analia.

Sikatai kwamba nazitaka. Jana randa ilinichomoka mkononi ikaniangukia mguuni, na mpaka leo nimemaliza mabenchi manne tu. Fundi umeme naye amekuja kupima. Laini ya nyaya nne inapita mbele ya uwanja wangu, nikilipia naunganishiwa njia tatu. Kwa hiyo sileti maringo.

Lakini mtu simwamini, naamini mashine. Rudi huko. Mwambie aiwashe uisikie, kisha ikishazimwa jifanye umeangusha kitu, upige goti, uingize mkono kwenye tumbo la ile ya kuranda. Maranda utakayoyakuta humo yafunge kwenye karatasi uniletee. Usiyapulize.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Yakobo Shimba


Buhongwa
11 Juni 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Pole na mguu.

Maranda yako hayo. Niliangusha hereni nikatambaa chini ya mashine nikijiona kama mwizi wa kuku. Mashine inawaka na kunguruma vizuri, na imefungwa kwa boliti kwenye sakafu. Okeyo amenikaribisha vizuri, akaninunulia na soda. Baba, huenda ana shida zake tu. Si kila mtu ni tapeli.

Binti yako,
Bernadeta


Sengerema
14 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Soda! Na wewe ukainywa.

Maranda nimeyanusa, nimeyasugua kiganjani. Ni mninga, tena harufu bado kali. Mashine hiyo ilikuwa kazini mwezi uliopita. Mninga umeanza lini kuota Ulaya?

Wala si mali ya kuvunja mlango. Mwizi hakuonyeshi mashine ikiwa bado na boliti zake sakafuni. Hiyo ni bei ya mali ya marehemu. Anayeuza ni ndugu, na mjane hayupo nyumbani.

Nenda mara ya mwisho ukamtazame vizuri. Atakupunguzia kabla hujaomba. Atataka mzigo utoke kabla ya siku fulani, ndiyo siku mwenyewe anarudi. Atakuambia usije na mtu. Na ukimuuliza jina la fundi aliyezitumia, ataangalia funguo mkononi mwake. Ukiyaona hayo, ondoka ukaulize majirani.

Baba yako mkubwa


Buhongwa
20 Juni 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Yote, baba! Yote uliyoandika! Amepunguza laki tatu bila mimi kufungua mdomo. Ametaka zitoke kabla ya Jumamosi, nije na lori tu, nisije na mtu. Nikamuuliza jina la fundi. Akaangalia funguo.

Nikaenda kwa jirani yake, Rose. Kumbe nyumba ni ya fundi Odoyo, aliyefariki Mei wakaenda kumzika kwao Rorya. Mkewe, Adoyo, alikuwa bado huko na watoto, matanga hayajaanuliwa. Okeyo ni mdogo wa marehemu, alitangulia kurudi na funguo eti kulinda nyumba. Rose akampigia Adoyo, nikaongea naye. Akauliza, "Nani kakwambia zinauzwa?"

Jana Adoyo alifika, akaenda na mwenyekiti wa mtaa. Okeyo amerudisha funguo, akasema alikuwa anatafuta ada ya watoto wa kaka yake. Watu wamemzomea mpaka barabara ya Shinyanga.

Adoyo anakushukuru sana. Anasema lete mbao zako, zitarandwa pale pale kwake, fundi wa kuendesha mashine anaye. Mabenchi yamepona, baba!

Ila kitu kimoja kinanikaba. Maranda uliyasoma kwa sababu wewe ni fundi, sawa. Funguo je? Ulijuaje kwamba ataangalia funguo? Mama alinihadithia kwamba vifaa vya useremala vya marehemu baba yangu viliibiwa baada ya msiba wake, nikiwa na miaka minne, sisi tukiwa Ukerewe kwa bibi. Funguo za karakana alikuwa nazo nani?

Binti yako,
Bernadeta


Buhongwa
18 Julai 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Hujambo lakini? Evelina anasema barua yangu uliisoma umesimama, ukamwambia hakuna majibu. Amepita kwako mara tatu tangu siku ile.

Adoyo anaulizia mbao. Nijibu, baba, hata kwa kunigombeza.

Bernadeta


Sengerema
9 Agosti 2025

Mwanangu,

Shikamoo yako ya leo iweke kwanza, mpaka umalize kusoma.

Funguo nilikuwa nazo mimi. Mdogo wangu Simeoni, baba yako, alipofariki, mama yako alikwenda kwao Ukerewe kupumzika wiki mbili, akaniachia mimi karakana. Nikauza msumeno. Nikauza meza ya kazi. Nikauza patasi zote. Nilijiambia ni kwa ajili ya ada yako, na ada nililipa, Mungu ni shahidi, lakini kwanza nilinunua ng'ombe wawili. Mnunuzi mmoja aliniuliza jina la fundi, nikaangalia funguo. Miaka ishirini na nne sasa.

Mama yako Sabina aliporudi nikamwambia wezi wamevunja. Akanishukuru kwa kulala pale nikilinda.

Randa peke yake nilishindwa kuiuza. Ndiyo nimekuwa nikirandia miaka yote, ndiyo iliyoniangukia mguuni. Ubavuni ina herufi S, aliichonga baba yako. Nimempa Evelina akuletee.

Kazi ya kanisa nimeirudisha kwa paroko. Mbao zangu sitazipeleka kwa mjane wa mtu, sina uso huo. Naona haya, Bernadeta.

Sijui nitie sahihi kama nani.

Yakobo Shimba


Buhongwa
17 Agosti 2025

Baba mkubwa,

Randa imefika. Nilikasirika mpaka nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia wa shati. Nilitaka kukurudishia barua yako kwa Evelina bila neno.

Jana nilimpelekea mama randa Ukerewe. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye ile S, akasema, "Niliiona kwa Yakobo siku ya komunyo yako." Miaka yote hiyo alijua! Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akanijibu, "Ningesema, ada yako angelipa nani?" Kisha akaendelea kuchambua mchele wake. Mimi ndiye niliyelia.

Nimempigia paroko. Mabenchi bado ni yako, amekuongezea mwezi mmoja. Mbao zilete kwa Adoyo Jumatatu ijayo, tarehe ishirini na tano. Mama naye anakuja siku hiyo, atakuwa amekaa pale mlangoni mwa karakana, na randa atakuwa nayo. Hujamwandikia yeye, umeniandikia mimi. Mwambie kwa mdomo wako, halafu shikamoo yako utaipata.

Uje mwenyewe. Usimtume Evelina.

Ni mimi binti wa Simeoni,
Bernadeta