Kinyonga Juu ya Mkarafuu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Matombo tu wazima, na ndizi zimekubali.

Unauliza kwa nini roshani ya ghorofani inakutetemesha ilhali ina ukuta. Mimi nilishuka miteremko hii na mkungu kichwani bila wasiwasi, lakini mkarafuu ulinishinda. Dada yangu Agnesi alipanda akiimba, na babu yako, mchumba wangu wakati huo, akimkodolea macho. Niliumia!

Siku moja Agnesi akakutana na kinyonga huko juu, akapiga mayowe. Nikapanda mbio, nikamtupa kinyonga, ndipo nikatazama chini. Miguu ikagoma. Babu yako akaja kutushusha. Akaanza na Agnesi.

Woga uliniisha nilipokanyaga ardhi. Hilo lingine bado.

Bibi yako, niliyeshushwa wa pili