Mpishi Hana Kazi Tena

3 Machi

Kaka mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Plasta bado inawasha? Sisi wazima, ila ofisi imepwaya bila wewe.

Nina neno, usinune. Wiki jana mtu aliongeza sehemu ya mzio kwenye kadi ya mgonjwa katika mfumo wetu, akasahau kumwendesha Mpishi, ile programu yako, atuandikie msimbo wa kadi upya. Yakabaki mafaili ya zamani, kadi zikaenda kliniki bila mzio. Bahati nesi aligundua mapema. Nimeandika njia nyingine: kompaila yenyewe inaisoma kadi wakati inatafsiri programu kwa lugha ya mashine, na msimbo unaohitajika inauunda palepale. Hakuna cha kuendesha, hakuna cha kusahau. Bosi kaipenda, lakini Mpishi ni wako. Bila idhini yako haiingii.

Mdogo wako

5 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mguu haujambo, kinachouma ni kingine. Mimi ndiye niliyekufundisha programu kwenye meza ya jikoni, leo unanipindua nikiwa kitandani? Mafaili ya Mpishi mtu anayafungua, anayasoma. Ya kwako yako wapi? Tumboni mwa kompaila! Nimekosea kadi makusudi, kompaila ikanitapikia ukurasa mzima wa maelezo ya kosa ambao hata wewe usingeuelewa. Idhini sitoi.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Hujambo? Kimya chako kinaninyima raha, na mama anasema hata chakula unasusa. Kuhusu makosa ulisema kweli. Sasa mtu akikosea anaambiwa kwa mstari mmoja: sehemu ipi, ya kadi ipi. Jaribu tena. Ukiona bado, sema tu, nitaiacha. Sitaki kazi ipite halafu nikukose wewe.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Plasta imetoka, natembea kwa gongo. Siku zote hizi nilikuwa naitafutia kasoro kazi yako, kwa roho ya kwa nini, sikufichi. Nimeongeza sehemu, nimeondoa, nimebadili majina. Kila mara kadi imetoka kamili. Si ingeharibika hata mara moja tu, jamani!

Idhini nimetoa asubuhi. Mpishi nimemfuta mwenyewe, nisingevumilia umfute wewe. Bosi akikusifu Jumatatu nitapiga makofi kama wengine. Ila Jumapili usije na keki. Wivu haujaisha, niache ninune kwanza kwa raha zangu.

Kaka yako