Gari la Haibridi, Bidoni Tupu na Miguu ya Mama

Kalemie, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ziwa halionekani. Shuleni tumefundisha nusu siku tu, nami nimerudi nyumbani na aibu yangu. Heri niiandike hapa kabla sijaanza kuipamba.

Jana tulikimbia bure.

Saa nne uvumi uliingia mjini kwamba wapiganaji wameshuka kutoka upande wa Fizi na wako karibu. Siku hizi hatuulizi nani kasema. Nilitoka darasani mbio, nikamwingiza Mama garini, tukashika barabara ya Moba.

Mama ana miguu mibovu. Katika vita vya zamani alitembea siku sita akiwa amenibeba mgongoni, na magoti yake hayakupona tena. Siku gari hili lilipovushwa ziwa kutoka Kigoma, nilimwapia kwamba hatakimbia tena kwa miguu.

Lenyewe ni haibridi, linakwenda kwa mafuta na kwa betri kubwa. Mume wangu, anayefanya biashara Kigoma, alilinunua kwa sababu linakunywa kidogo. Aliyemuuzia alimwambia mafuta yakiisha, umeme utakufikisha. Nikaamini, maana nilitaka kuamini.

Hapa kwetu, tangu vita virudi, kila mwenye gari ana bidoni ya kukimbilia: dumu la mafuta linalokaa chini ya kitanda na haliguswi kwa safari nyingine yoyote. Ya kwangu niliimimina kwenye tangi wiki tatu zilizopita ili niende harusini. Sikutaka kufika kwa pikipiki, kitenge kipya na viatu vya kisigino kirefu vimejaa vumbi. Tangu hapo boti zimepungua na mafuta hayapatikani mjini. Mama alipouliza, nilimjibu bidoni ipo.

Ilikuwepo kweli. Tupu.

Basi jana, tulipokuwa tumeliacha mbali daraja la Lukuga, mafuta yakaisha. Gari halikusimama. Injini ilinyamaza tu, tukaendelea kwenda kimya kimya, nami nikaanza kumtambia Mama kwamba, unaona, hata bila mafuta linakwenda. Mama akainama, akakaza viatu vyake.

Hatukumaliza kilomita mbili. Taa nyekundu ikawaka, nguvu zikaisha, likasimama. Nikalizima, nikaliwasha, likasogea hatua chache. Nikarudia, nikarudia tena, mpaka likakataa kabisa. Watu walikuwa wanatupita na magodoro kichwani.

Papa mmoja, mzee mwenye baiskeli, alituhurumia, akatumiminia chupa mbili za mafuta aliyokuwa amebeba. Gari halikuamka. Akaita wenzake walisukume, kama tunavyofanya huku na gari lolote lililogoma.

"Mama, weka vitesi ya pili, kisha uachilie," akaniambia.

Nikamweleza kwamba gia zake hujibadilisha zenyewe, halina vitesi za kuweka. Walisukuma hivyo hivyo, jasho likawatoka, na halikuamka.

Leo fundi wa karibu na soko amenielewesha. Katika gari hili, betri kubwa ndiyo inayoamsha injini. Kila nilipolilazimisha lisogee, nilikuwa namaliza nguvu ambayo ingeliamsha baada ya kutiwa mafuta. Ningelizima pale pale na kungoja, zile chupa mbili zingeweza kuturudisha.

Jana pale barabarani, Mama alifungua mlango mwenyewe, akashuka, akanishika mkono. Nilijua ataanguka kabla ya kalavati la kwanza. Hakuanguka. Tulitembea karibu saa nzima, akipumzika mara tatu, ndipo watu wa mbele wakaanza kurudi wakisema ulikuwa uongo. Papa wa baiskeli, aliyekuwa akienda nasi, akamrudisha Mama mjini kwenye keria. Mimi nilifuata nyuma, sikuweza kumtazama usoni.

Mchana huu nimeshindwa kuubeba tena ule uongo. Nimemkuta jikoni anachambua ndagala, dagaa wa ziwani, nikamwambia yote: bidoni, harusi, kitenge. Hakuinua hata kichwa.

"Nilijua," akasema. "Ni mimi njo nafagiaka chini ya kitanda. Niliinua ile bidoni, ikakuwa nyepesi."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Ningesema, ungelia, na mafuta hayangerudi. Toka siku ile, ukienda ku masomo, mi natembea mupaka ku kisima na kurudia. Nilianzaka na mara moja kwa siku. Sasa njo mara ine."

Nimelia hata hivyo. Wiki tatu nilikuwa namdanganya mama yangu, naye akinisitiri, akiyaamsha magoti yake polepole kwa sababu alishajua kwamba ahadi yangu haina mafuta.

Gari bado liko kule barabarani. Sijui nitalikuta na magurudumu mangapi, na sijui uvumi wa wiki ijayo utakuwa wa kweli au wa uongo.

Kesho kabla ya shule tutakwenda kisimani wote wawili. Ameshaniambia nisije na vile viatu vya harusini.