Limebaki Moja Mezani

Dada,

Usinicheke. Ushauri wako wa kushika moja moja nimeufuata. Matatizo yote nimeyaandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia vitambaa, na kila linaloisha nalifuta. Paa lilikuwa linavuja; halivuji tena, nimefuta. Cherehani ilikuwa inakata uzi, kumbe sindano tu imepinda. Nimefuta. Ngoja, mama anaita.

Nimerudi. Zamani ningekuwa nimeshalia. Siku hizi naokota chaki.

Limebaki moja, nalizunguka wiki nzima kama kuku anayetaka kutaga. Mama ameanza kunisahau. Sasa hivi kanishika mkono kwa furaha: "Mwanangu mkubwa, umerudi?"

Nikamjibu, "Nimerudi, mama."

Hilo siwezi kulifuta mimi. Njoo ulifute mwenyewe.

Mdogo wako,
fundi cherehani