Nguzo za Lango la Zizi

Jumatatu, 3 Julai 1995

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kusukuma polepole ni usalama. Si usalama. Kisu kinachozunguka kasi ukikichelewesha mahali pamoja hakikati, kinasugua. Mbao inaungua, makali yanakufa. Ukiona unga badala ya maganda, ujue umekosea. Nimelisema hili miaka yote niliyofundisha useremala chuoni. Leo nimelisema tena karakana ya Somanda, mbele ya mwenye mali mpya. Alikuwa anatazama saa yake.

Karakana ilikuwa ya ushirika. Sasa ni ya Bwana Sayi, mnunuzi wa pamba. Soko huria. Mimi nimebakizwa kama mshauri, yaani mtu wa kuongea asisikilizwe. Mashine ni ile ile: kidole cha chuma kinafuata kielelezo cha ua, kisu kinachonga ua hilo hilo kwenye mbao. Anayeiendesha ni Ngasa, mume wa binti yangu Kabula. Nilimfundisha mwenyewe. Namwogopea.

Jumatano, 5 Julai

Wakulima wameanza kuuza pamba. Aliyeuza pamba anataka kitanda chenye ua kichwani. Sayi anataka vitanda vitoke kama maandazi.

Nilimweleza kwa utaratibu. Muda wa kukata ni urefu wa mstari ukigawanywa kwa mwendo wa kusukuma. Lakini kisu sicho kinachokula muda. Muda unaliwa na kufungua mbao iliyokwisha na kufunga mpya. Tutengeneze fremu ya pili ya kufungia mbao. Ngasa akichonga huku, mwingine anafunga kule. Vitanda vitaongezeka bila kugusa mwendo wa injini.

"Mwalimu," akasema, "unanipa somo au unanipa vitanda?"

Vibarua wakacheka. Ngasa naye alitabasamu. Simlaumu, anakula hapo.

Ijumaa, 7 Julai

Sayi amehamisha mkanda wa injini mwenyewe. Ameuweka kwenye puli, lile gurudumu la mkanda, ya mwendo wa juu kabisa, na kisu kilichofungwa ni kile kipana. Ujinga. Kisu chembamba kinavumilia mwendo ule, kipana hakivumilii. Wacheza ngoma wakishikana mikono wakazunguka kwa mstari, wa katikati anatembea, wa mwisho anakimbia. Ndivyo ilivyo kwa ukingo wa kisu kipana. Nikaurudisha mkanda chini. Baada ya chakula cha mchana nikaukuta umepandishwa.

Nimeomba tena miwani ya kukinga macho. Amejibu inapatikana Mwanza, atanunua. Lori lake linakwenda Mwanza na pamba, linarudi na bia.

Jumamosi, 8 Julai

Mzee Masunga wa Dutwa ameleta mbao kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ni mzee wa kanisa, mtu wa sauti. Mninga mkavu, mzito, mzuri. Miti imekwisha huku kwetu, watu wanapasua walichonacho. Hizi zilikuwa nguzo za lango la zizi la marehemu baba yake.

Nikamvuta pembeni. Nikamuuliza kama lango lile lilizindikwa. Msukuma wa umri wetu anajua ninachouliza. Mfugaji wa zamani aliweka dawa langoni, wapo waliopigilia chuma ndani ya nguzo, wakaziba tundu kwa nta ili mwizi wa ng'ombe asione kitu.

"Mwalimu, sisi ni watu wa Injili. Kwetu hayo hayakuwapo."

"Siulizi dini, mzee mwenzangu. Nauliza chuma."

Akageuka, akaenda kumsalimia Sayi. Aibu tu. Baba yake alikuwa na ng'ombe wa kujaza bonde, nani asiyejua kwamba alizindika?

Nimemwambia Sayi mbao hizi zisiguswe mpaka Jumatatu. Nina sumaku ya spika mbovu nyumbani. Nitazipitisha zote.

Jumatatu, 10 Julai

Ngasa ameumia. Jicho la kulia.

Jumanne, 11 Julai

Jana nilifika na sumaku mfukoni. Walikuwa wamekwisha anza. Nilisikia mlio ule nikiwa bado njiani, mlio wa chuma kwa chuma, kisha injini ikinguruma peke yake bila kazi.

Ndani ya mninga kulikuwa na msumari mnene wa mhunzi, umezungushiwa kitambaa cheusi. Kisu kimepasuka. Kipande kimeingia jichoni.

Masunga aliitwa. Akasema mashine ilikimbizwa mno. Sayi akasema mbao ni ya kichawi. Wakabishana hivyo, kila mmoja na ukweli wake wa nusu, hadi wakachoka. Kisha wakaagana kwa heshima. Hakuna aliyeuliza Ngasa yuko wapi.

Yuko hospitali. Wamemfunga macho yote mawili ili zima lisilichezeshe bovu, wamemwandikia aende Mwanza kwa daktari wa macho bila kuchelewa. Sayi amesema apande lori lake, litaondoka kesho.

Jumatano, 12 Julai

Lori halikuondoka. Halijajaa. Sayi amesema kesho.

"Subira, Mwalimu. Wewe si ndiye mtu wa subira hapa Bariadi?"

Nilimtazama mdomo. Nyuma yake mashine ilikuwa inachonga, mkanda uko juu vile vile, kijana mwingine amesimama mahali pa Ngasa, macho wazi. Nilimwita yule kijana nje, nikamwambia aende nyumbani. Akaniita babu kwa Kisukuma: "Guku, nyumbani kuna nini?" Akarudi ndani.

Jioni nilikwenda hospitali. Ngasa alinijua kwa mwendo.

"Mwangaluka, baba."

Jioni ile anasalimia salamu ya asubuhi. Sikumsahihisha. Nilidhani yuko gizani kabisa. Akasema hapana, kwa jicho lililoumia bado anaona mwanga dirisha likifunguliwa. Kidogo tu. Jana ulikuwa mwingi zaidi.

Halafu akasema, "Niliwaambia tukungoje na sumaku yako. Tajiri akasema anayetaka kungoja akangoje kwa mkewe."

Kabula alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakulia.

"Baba, lori lisipojaa kesho?"

Nikamweleza kwamba Sayi ameahidi. Kwamba msimu ndio kwanza umeanza, pamba ipo nyingi, lori litajaa upesi. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mwanafunzi mwenye adabu.

"Ndiyo, baba. Na lisipojaa?"

Namchukia Sayi. Namchukia Masunga na Injili yake ya kuficha misumari. Nimeandika ili nisije nikajifanya sikuhisi.

Alhamisi, 13 Julai

Nimeamka mapema. Kimya. Jogoo wa jirani tu.

Nimepita kwa Sayi. Lori lipo uani, nusu tupu, dereva amelala chini yake. Sikumwamsha mtu.

Nimefika hospitali. Kabula ameshachemsha uji na kuutia kwenye chupa. Shuka lipo kwenye mfuko. Ngasa ameketi kitandani, amevaa viatu.

Najiandikia mwenyewe: Mwalimu, usingoje lori. Leo mshike mkono, panda naye basi la Mwanza.