Chaza wa Baba na Vipimo Vilivyofichwa

Halifax, Nova Scotia
12 Septemba

Mpendwa Shangazi Philomène,

Hujambo? Na mguu je, umeanza kuukanyagia? Huko Alberta najua baridi imekwisha piga hodi. Sisi tu wazima wa mwili, lakini mimi moyo unanichemka.

Umesikia kwamba chaza aliowafuga Baba ghubani walikufa wote mwezi wa Julai. Hujasikia kwa nini.

Mwezi uliopita Dakta Whitcombe, mkubwa mmoja hapa taasisini kwetu, aliwaita wafugaji wa chaza ukumbini awaonyeshe utafiti wake. Akatandaza ukutani mchoro wa joto la maji ya ghuba yetu, anatabasamu kama bwana harusi. Baba akasoma tarehe. Maji yalianza kupanda joto majuma mengi kabla ya chaza kufa! Angejua, angeshusha vizimba kwenye kina chenye ubaridi.

Akasimama. “Ulijua lini, Dakta?”

“Vipimo vilikuwa bado vibichi, havijahakikiwa, mzee. Na makala yangu haijachapishwa.”

“Vibichi? Chaza wangu wameoza!”

Shangazi, nililia kwa hasira.

Kazi yangu, unajua, ni kutunza vipimo vya bahari na kuviweka kwenye hazina ya wazi mtandaoni, kila mtu avisome bure. Vya Whitcombe, muda aliopewa wa kuvishikilia peke yake ulikwisha pita zamani. Nikaenda kwa mkurugenzi. Akaniambia, “Odette, tumstahi. Ana jina kubwa.” Jina! Baba yangu hana jina?

Nikarudi mezani, nikaviweka hazinani vyote, na vifaa vya kupimia vilivyo majini nikaviunganisha nayo ili vipimo vipya viingie kila siku.

Whitcombe alinijia akinguruma. “Umeniibia!”

“Vilikuwa vyako lini? Vifaa vimenunuliwa kwa kodi ya hao hao uliowaficha.”

Wamenihamishia kwenye chumba cha vipuri. Yeye hakuguswa hata ukucha. Hasira hii sijui nitaitua wapi.

Juma lililopita joto lilipanda tena. Majirani wakashusha vizimba mapema, na chaza wao wazima. Baba hana hata mmoja wa kumshusha, lakini kila alfajiri ndiye anayesoma vipimo na kuwapigia simu: “Amkeni, maji yanapanda!”

Nisalimie Mjomba Théophile na binamu Rosalie. Mungu akuponye mguu, akufikishe nyumbani Krismasi.

Ni mimi mwanao nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Odette