"According to the Doctor," Kaka Alisema, na Baba Akarudishwa Nyumbani

Mpendwa Bi Waruguru,

Naomba msaada wako, na kama inawezekana naomba unijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo kaka yangu ameita mkutano wa familia na mimi sijui kama nitasimama niseme ninachokijua au nitamimina chai ninyamaze kama kawaida. Niite Aoko. Naishi mtaa wa Jericho, katika nyumba ile ile ya kupanga ya kaunsili nilimozaliwa, pamoja na mama yangu na binti yangu, kwa maana ndoa ilinishinda nikarudi nyumbani, na hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo kaka yangu hunipiga nalo kila nikifungua mdomo. Kazi yangu ni kushona sare za shule huko Kariobangi.

Baba yetu, mzee Ooko, alikuwa fundi wa mabomba ya maji ya kaunsili hadi akastaafu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na mwaka jana akapata kidonda kwenye kidole cha mguu, kidonda kidogo tu cha kubanwa na kiatu, lakini kikakataa kupona, kikapanda, mguu ukawa mweusi na ukaanza kunuka, tukampeleka hospitali akalazwa. Mimi na mama tuliruhusiwa kuingia saa za kuona wagonjwa tu, na saa hizo madaktari huwa wameshamaliza kupita. Lakini kaka yangu mkubwa, Phares, ana kazi ya ofisi mjini, huvaa tai, ana kadi ya kazi ya kuning'iniza shingoni, na anajua Kiingereza, kwa hivyo yeye alikuwa anapitishwa getini asubuhi na sisi tunaachwa nje. Hakuna aliyemchagua awe msemaji wetu, ilitokea tu, na kusema kweli tulishukuru.

Tulikuwa tunamngoja kwenye benchi, mimi na mama, naye akitoka anatengeneza tai kwanza ndipo aongee, na kila kitu kilianza na according to the doctor, yaani kwa mujibu wa daktari. According to the doctor sukari imepanda. According to the doctor aletewe uji wa wimbi bila sukari. Mama hajui Kiingereza lakini maneno hayo aliyajua, alijua kwamba kinachofuata kimetoka kwa wakubwa na hakibishiwi, na alikuwa akiyasikia anakunja mikono mapajani kama yuko kanisani. Mimi nilifika kidato cha nne, Kiingereza nakisikia, lakini sina cha kusimama nacho mbele ya Phares.

Siku moja alitoka mapema kuliko kawaida. Akasema, "According to the doctor, hakuna kitu kingine wanaweza kufanya. Wakiugusa huo mguu atafia mezani. Twende naye nyumbani apumzike." Mama akamuuliza kwa Kijaluo kama daktari mwenyewe anaweza kuja amwambie, hata dakika moja tu, kwa sababu huyo ni mume wake. Phares hakumjibu kwa Kijaluo. Alimwambia, "Mama, it has been confirmed," yaani imeshathibitishwa, akaenda kutafuta teksi, na mama akabaki ananiangalia mimi, nami nikaanza kukunja blanketi tulilomletea mzee.

Tulimlaza mzee kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha. Homa ilikuwa ikipanda anaongea na watu wa zamani wa kazini, ikishuka anarudi anakuwa baba. Mchana mmoja homa ilikuwa imeshuka na Phares alikuwa amekuja kumwona, na mzee akamwambia polepole lakini kwa sauti iliyo wazi, "Yule daktari alikuja kwa kitanda changu. Aliuangalia mguu akasema kitu. Mbona mimi sikuambiwa?" Phares akasema, "Apparently ulikuwa umelala, Baba," yaani inaonekana hivyo. Mzee akageukia ukuta, na hakuuliza tena, si siku hiyo wala nyingine.

Mwezi haukuisha akafariki. Tulimzika nyumbani Ugenya, na Phares ndiye aliyesoma wasifu wake, kwa Kiingereza, akasema familia ilifuata kila ushauri wa madaktari, wazee wakaitikia kwa vichwa, na mama akamshika mkono mbele ya watu akamshukuru kwa kusimama na baba yake. Mimi nilimshukuru pia. Hilo ndilo haliniachi.

Sasa mwezi uliopita jirani yangu Fadumo, ambaye pia ana sukari, aliniomba nimsindikize kliniki katika hospitali ile ile. Tulipoingia, daktari aliyekuwa pale akaniangalia akasema, kwa Kiswahili, Bi Waruguru, Kiswahili cha kawaida cha mtu wa Machakos, hata neno moja la Kiingereza hakutia, akasema, "Wewe si ndiye nilikuwa nakuona kwenye benchi na uji wa yule mzee wa mabomba? Mbona hamkumrudisha?" Nikamwambia mzee tulimzika. Akavua miwani. Anaitwa daktari Muoki. Akaniambia yeye alimweleza Phares kwamba mguu ukatwe haraka, chini ya goti, na kwamba mzee alikuwa na nafasi nzuri ya kuishi, na Phares akamjibu kwamba wameongea kama familia, mzee mwenyewe amekataa katakata, anataka kwenda nyumbani, na hayo ndiyo matakwa ya wote. "Nilimsihi mkibadilisha mawazo mrudi kabla ya wiki kuisha," akasema. Kwa hivyo kwetu alileta maneno ya daktari ambayo daktari hakusema, na kwa daktari alipeleka maneno yetu ambayo sisi hatukusema, na katikati ya hayo yote baba yangu amelala na mguu unaooza, na daktari anajua Kiswahili, alikuwa anajua Kiswahili siku zote.

Nilirudi nyumbani sikumwambia mama. Ana presha, na usiku bado hulala upande wake wa kitanda tu.

Ningenyamaza labda hadi kufa, lakini sasa Phares ameanza tena. Wiki mbili zilizopita alikuja akatuketisha akasema kwamba, as per Mzee's wishes, yaani kama mzee alivyotaka, mama ahamie Ugenya akakae karibu na kaburi, na nyumba hii ya Jericho iandikishwe kwa jina lake yeye. Mimi ndiye niliyemwosha baba, ndiye niliyemlisha, nililala sakafuni karibu naye tangu alipotoka hospitali, na sikuwahi kumsikia akitaja nyumba wala kuhama. Nilipouliza alisema hayo lini, Phares akacheka akasema wewe unataka nyumba kwa sababu mume wako alikufukuza. Mama ana kanisa lake hapa, ana kliniki yake, wanawake wenzake ni hawa hawa wa tangu ujana, kule Ugenya hata maji ni ya kuchota mbali. Lakini anasema, "Kama ni mzee alisema, nitaenda." Ameanza kugawa vyombo vyake. Jumamosi wajomba na baba wadogo wanakuja kusikia, na Jumatatu Phares anataka kumpeleka mama ofisi ya nyumba za kaunsili.

Nikisema yote, nitamuua mama kwa habari ya mguu na familia itaniona mchonganishi anayetaka nyumba. Nikinyamaza, mama anapelekwa kama mzigo. Na nikimwona Phares sijui nimpige au nilie. Nifanye nini?

Aoko, Jericho.

JIBU

Aoko, pole. Pole kwa baba yako, na pole kwa namna ulivyoujua ukweli, mlangoni pa kliniki, ukiwa umemsindikiza mtu mwingine. Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimekasirika, na usidhani ni Phares peke yake aliyenikasirisha.

Tuanze na yeye. Hayo maneno ya Kiingereza anayoyatumia hayana kosa. Kazi ya maneno hayo ni kuonyesha habari imetoka kwa nani, ili anayesikia akitaka aende kwa mwenyewe akaulize. Sisi wa magazeti tunakula kwa maneno hayo hayo. Lakini kwenu yalifanya kazi kinyume, yalisemwa ili mtu asiende kuuliza. Mtu akija akasema kwa Kiswahili "eti daktari amesema", hata mtoto anajua hapo kuna shaka. Akisema "nasikia", tunamuuliza umesikia kwa nani. Kaka yako akasema according to, na nyumba nzima ikakunja mikono. Kisha akaanza kusema it has been confirmed, na hakuna aliyemuuliza imethibitishwa na nani. Mama yako alijaribu. Mzee alijaribu akiwa na homa. Hao ndio waliouliza maswali, Aoko, mgonjwa na mke wake, na wote wawili hawakujibiwa.

Huyo daktari naye sitamsafisha. Anamsikitikia mzee leo, lakini siku ile mgonjwa alikuwa kitandani hatua chache kutoka alipokuwa amesimama. Kama mzee amekataa kukatwa mguu, unamngoja homa ishuke na unamuuliza yeye. Humuulizi mwanawe mwenye tai.

Kwa nini Phares alifanya hivyo? Sijui. Pengine hakuweza kuvumilia kumwona baba yake kwa mguu mmoja, pengine alichoka, pengine ni jambo baya zaidi. Wewe pia hujui. Kwa hivyo Jumamosi usisimame useme alitaka mzee afe, kwa sababu hapo utakuwa unasema jambo ambalo hakuna aliyekuambia, na utakuwa umeingia katika kazi ya kaka yako.

Sasa wewe. Unaniambia humwambii mama kwa sababu ana presha. Hebu jisikie. Umekaa ukaamua mtu mzima asisikie habari ya mume wake kwa sababu wewe umeona hataiweza. Si hicho ndicho Phares alichomfanyia mzee? Ulikitazama kikifanyika ukiwa umeketi kwenye benchi na sasa unataka kukirudia kwa upole. Mama yako amezika mume. Ana nguvu kuliko unavyompimia, na ana haki ya kulia kwa sababu ya kweli.

Lakini usiende nyumbani leo ukamwambia "daktari alisema". Atakuamini au hatakuamini, na Phares akifika atasema kinyume, na mama atabaki katikati ya midomo miwili ya watoto wake. Mpeleke kwa daktari Muoki kabla ya Jumamosi. Ameze dawa zake asubuhi. Mwombe daktari ampime presha kwanza, kisha amwambie mwenyewe, macho kwa macho, kwa Kiswahili, alimweleza nini Phares na Phares alimjibu nini. Wewe kaa kando, usitafsiri, usiongeze, usimalizie sentensi ya mtu. Akitaka kuuliza, aulize yeye. Na akitaka kukaa pale nje baadaye bila kusema kitu, kaa naye.

Habari ya nyumba ni hivi. Kesho, wala si Jumatatu, nenda na mama ofisi ya nyumba, aulize mjane wa mpangaji ana haki gani na kubadilisha jina kunahitaji nini. Sitakuambia mimi, kwa sababu siifanyi kazi hiyo na wewe umeshachoka na habari za kuletewa. Asitie sahihi wala kidole mahali popote hadi hapo. Na wewe, kama unataka kuendelea kuishi katika nyumba hiyo, sema wazi kwamba unataka. Si aibu mwanamke kutaka pa kulala. Ukilificha, Phares atalitumia hadi mwisho.

Jumamosi usimimine chai. Mwambie binti yako au mtu mwingine aimimine. Phares akianza kwa Kiingereza, mwambie kwa heshima, mbele ya baba zako wadogo, kwamba mkutano ni wa mama na mama hakisikii, aongee lugha ambayo yuko tayari kuulizwa nayo. Akisema ni matakwa ya mzee, muulize mambo matatu tu: mzee alikuambia siku gani, mkiwa wapi, na nani mwingine alikuwepo. Usipige kelele, usimwite mwongo, usitaje ndoa yake wala yako. Uliza, kisha unyamaze. Atazunguka, atakasirika, atasema wewe unataka nyumba. Mwache. Wazee watakaa kimya na kimya hicho kitakuwa kizito na utatamani kukivunja kwa kumwonea huruma, maana ni kaka yako na mlikua pamoja. Usimsaidie kujibu.

Akimaliza, mgeukie mama umuulize yeye anataka kukaa wapi.

Bi Waruguru